Mtani wa Mreno wa Kiswere

Vijana wa chokaa, mliniaga vizuri. Mlinipa shuka, redio na hotuba nyingi, na kila aliyesimama alisema nimeacha pengo. Pengo mnalijua nyinyi: huchokolewa takataka, hulowanishwa maji, huzibwa kwa chokaa na vipande vya mawe, na masika ikipita hakuna anayekumbuka lilikuwa wapi. Kwa hiyo msijisumbue kwa ajili yangu. Lakini liko jambo moja la kazi ambalo sikuwaonyesha. Liko Kiswere, na ofisi ikiwatuma huko mtakwenda bila kulijua, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi nikiwa kijana niliyeteremka kutoka Kipatimu na begi la kamba na cheti cha ubatizo, kwa kuwa padre alinihakikishia kwamba serikalini huulizwa vyeti. Pale Kilwa Masoko hakuna aliyekiuliza. Nilipelekwa moja kwa moja kwa mzee mmoja mfupi aliyechuchumaa kando ya shimo, akikoroga kitu cheupe kwa mti mrefu. Huyo alikuwa Mzee Abdala Likwata, fundi mkuu wa magofu, Mngindo wa upande wa Liwale. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Kabila gani wewe?"

"Mmatumbi, mzee."

Akaacha kukoroga. "Mmatumbi! Nani kakufungua kamba? Tunajua nyie mnalala mmejifunga kwenye mawe, msije mkaporomoka mlimani."

Nyumbani nilikuwa nimefundwa. "Na sisi tunajua Mngindo akiona barabara anauliza msitu umekwenda wapi."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la chokaa. Kuanzia siku hiyo hakuniita tena jina langu, Kasiani. Nilikuwa Mmatumbi, naye kwangu alikuwa mwitu tu, mtu wa msituni.

Kwa wale mliokulia mjini, Wangindo na Wamatumbi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukuvua kofia kichwani au kubeba kuku wako uani akaondoka naye, nawe huruhusiwi kununa. Utamfuata kwa maneno mpaka umkomboe. Lakini siku ukifa, huyo huyo ndiye anayekuja kushika jembe. Anaingia kaburini kabla yako, analala chali, anasema nyumba hii nzuri haimfai marehemu, anataka akae yeye. Wafiwa wanambembeleza, wanamtukana, wanacheka huku machozi yanawatoka. Msiba usio na mtani hukaa kifuani mwa watu, hautoki.

Mzee Likwata alinifundisha chokaa kama mtu anayemfundisha mwenzake kulea mtoto. Alinifundisha kupanga tanuru, kuni na mawe ya matumbawe, tabaka juu ya tabaka, na kuuzima ule moto wa ndani ya jiwe kwa maji, polepole, macho yakiwa mbali, kwa sababu chokaa inayozimwa huruka. Kisha kuiacha shimoni iive. Alinifundisha kulowanisha ukuta kabla ya kuugusa kwa mwiko. "Jiwe lina kiu," alikuwa akisema. "Usiponywesha jiwe, litakunywa chokaa yako, kesho utaikuta unga." Kuhusu saruji sitasema kitu, nimeshasema sana, na bado nawaona mnaificha nyuma ya stoo.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kisiwani, kwenye ile ngome iitwayo Gereza, ambayo Wareno waliijenga na wengine wakaijenga upya juu yake. Mzee alikuwa na kinyongo na Wareno. Kila tulipokuta jiwe bovu alisema, "Hili la Mreno," na kila tulipokuta jiwe zuri alisema ni letu. Hakuwa na ushahidi wowote, na hakuutafuta.

Ndipo siku moja tukatumwa Kiswere kuziba ukuta wa makaburi.

Ukienda Kiswere, makaburi yale yako nje kidogo ya kijiji, mahali penye nyasi ngumu na minazi iliyochoka. Kuna ukuta mfupi wa mawe na chokaa, na ndani yake makaburi mawili tu, yamelala sambamba, karibu mno, kama vitanda vya wagonjwa. Moja la Mwingereza, moja la Mreno. Walikufa kwa homa wakati wa ile vita kuu ya kwanza, Mjerumani alipokuwa akifukuzwa huku kusini. Mwingereza alikuwa bwana wa wapagazi. Mreno alikuwa ametumwa na jeshi lake akae na Waingereza, ili kila jeshi lijue mwenzake yuko wapi.

Aliyetusimulia hayo ni Bi Somoe, mwanamke mkali aliyekuwa akikausha pweza na kuuza, na aliyefagia pale kwa sababu babu yake alikuwa mmoja wa wale wapagazi. Babu huyo alisema wazungu wale wawili waligombana kutwa nzima. Mmoja alimcheka mwenzake kwa dua zake, mwingine alimcheka huyu kwa chai yake. Lakini birika lilikuwa moja, na usiku wa homa aliyekuwa na nguvu kidogo alimpa maji mwenzake. Wapagazi walitazama, wakaelewa kwa namna yao: hawa ni watani. Walipokufa, wakawazika ndani ya ukuta mmoja, na wakaona si haki watani walale kimya. Kwa hiyo kila walipofagia, mpagazi mmoja alisimama upande wa Mwingereza akamtukana Mreno, mwenzake akasimama upande wa Mreno akamtukana Mwingereza. Wasemaji wenyewe walipaswa kuwa watani. Desturi ikabaki kijijini.

"Mimi nafagia," Bi Somoe alisema, "ila wa kusema nao siku hizi sipati. Vijana wanaona haya. Nyie si watani? Basi semeni, ndipo mguse ukuta."

Mzee akaenda upande wa Mwingereza, mimi upande wa Mreno. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, nami nilijiona mjinga.

"Wewe Mreno," Mzee akaanza, "ulikuja kutafuta dhahabu, ukapata mbu!"

"Mwingereza," nikamjibu kwa niaba ya wangu, "chai yako imepoa, na wewe umepoa zaidi!"

Nikainama kuchukua mwiko. Mzee akanizuia kwa mkono.

"Ngoja," akasema. "Ngoja wacheke."

Tukasubiri. Nawaambieni nilichokisikia: sikusikia kitu. Lakini kunguru waliokuwa wakipiga kelele kwenye minazi walinyamaza wote, na Bi Somoe alishika ufagio wake hewani, hakuuteremsha. Ilikuwa kama kusimama mlangoni mwa chumba chenye watu wanaojizuia kucheka. Kisha kunguru wakaanza tena, na Mzee akasema tulowanishe ukuta. Chokaa ilishika vizuri siku ile kuliko mahali popote nilipowahi kupaka.

Tulikwenda Kiswere mara nyingi baada ya hapo, hata bila kutumwa. Mzee alikuwa akitunga matusi njiani. Nilimwona akifurahi, nami nilifurahi kwa sababu yake. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na kusema kweli Mzee Likwata nilimpenda kuliko wajomba zangu wote.

Miaka ikapita. Tukaletewa habari kwamba nchi ya yule Mwingereza ilikuwa inawakusanya watu wake waliokufa vitani, iwalaze pamoja mahali pamoja panapotunzwa, mbali na huku. Mwingereza wa Kiswere alikuwa anaondoka. Mreno hakuwa na wa kumhamisha. Ilisemwa watu wa kwao huachwa walipolala. Mimi na Mzee ndio tuliopangiwa kufungua kaburi, kwa kuwa tuliujua ukuta.

Wageni walikuja wawili, bwana mmoja wa Kiingereza mwenye koti pamoja na joto lile, na mama mmoja wa Kireno, mpole, aliyebeba maua yake mwenyewe. Afisa wetu, kijana mwema tu, ndiye aliyetafsiri. Bwana yule alieleza kwamba nchi zao mbili ziliahidiana urafiki zaidi ya miaka mia sita iliyopita, mfalme kwa mfalme, kwamba adui wa huyu atakuwa adui wa yule, na ahadi hiyo haijafutwa mpaka leo. Katika vita ile kuu, akasema, Mwingereza alimwomba Mreno kwa jina la ahadi ile azikamate meli za Wajerumani zilizokuwa bandarini kwake. Mreno akazikamata. Mjerumani akatangaza vita, na moto ukafika mpaka Ruvuma.

Mzee Likwata alisikiliza huku akifuta mwiko wake. "Muulize huyu mama," akamwambia afisa. "Miaka yote hiyo, hawajawahi kugombana?"

Yule mama akacheka kidogo. Alisema wamegombana sana. Kuna wakati Mwingereza aliwatishia vita kwa ajili ya ardhi za huku huku Afrika, na watu wa kwao walilia mabarabarani kwa aibu na hasira.

"Na ahadi?"

"Ilibaki."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi huo si urafiki. Rafiki angeshaondoka. Huo ni utani."

Afisa alitafsiri, wageni wakatabasamu kwa adabu, na nadhani hawakuelewa. Mimi nilikuwa nikilitazama kaburi la Mreno. Nilifikiri juu ya mtu yule, aliyekufa Kiswere kwa ahadi iliyowekwa na watu ambao mifupa yao ilikuwa vumbi kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Sikulipenda wazo hilo, nikaenda kuchukua sururu.

Tulipokuwa tumeshachimba hadi kwenye mifupa, Bi Somoe alikuja na ufagio wake akasimama langoni. "Mnamtoa mmoja? Mnamwachia nani huyu?"

"Bi Somoe, ni amri," Mzee akamwambia.

"Amri ya walio hai. Haya, basi fanyeni utani. Ingia shimoni, Likwata, ugome. Wewe ndiye msemaji wa Mwingereza. Mtu wako anahama, mwenzake aagwe."

Ilikuwa haki kabisa. Nilimwona Mzee akiweka mguu kwenye ukingo wa shimo. Kisha akawatazama wageni: yule bwana amevua kofia, yule mama ameinamisha kichwa na maua mkononi, wote wawili kimya kama kanisani. Akaurudisha mguu.

"Wageni hawa wataona tunawadharau," akanong'ona. "Tuwastahi."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mtu asiye na adabu asingelifanya. Tuliitoa mifupa kwa unyamavu mkubwa, tukaiweka kwenye sanduku lililotandikwa bendera, na gari likaondoka polepole. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyecheka. Bi Somoe alitema mate pembeni, akaenda zake kwa pweza wake.

Tulibaki kuziba ukuta mahali tulipoubomoa kupitisha sanduku. Nililowanisha mawe vizuri, chokaa ilikuwa imeiva, mchanga ulikuwa safi. Tuliporudi juma lililofuata kukagua, upande ulioelekea kaburi la Mreno chokaa ilikuwa bado mbichi. Nilitia kidole, kikazama kama kwenye uji. Tukaikwangua, tukapaka upya. Ikakataa tena. Jua la kiangazi lilikuwa linapasua ardhi, na chokaa ile ilikuwa inatoa jasho.

Kisha Mzee akabadilika. Mwanzoni ilikuwa jambo dogo. Tungekuwa juu ya jukwaa kisiwani, kila mtu na mwiko wake, nami kimya, naye ghafla anacheka. Cheko fupi, la mtu aliyechomwa na neno zuri. Nikimuuliza anasema si kitu. Halafu akaanza kujibu. "Mshenzi wewe," alisema siku moja kwa upendo, akiangalia ukuta mtupu, "hata meli zenu zilijengwa na walevi."

Lililoniumiza zaidi ni kwamba mimi aliacha kunijibu. Nilimtania asubuhi, nikamtania mchana, nikataja Wangindo na asali na nyuki na makalio yao. Akanitazama kama mtu anayesubiri mgeni amalize kusema aondoke. Hatimaye akasema, bila ubaya wowote, "Mmatumbi, usijichoshe. Mimi nimeshapata mtani mwingine."

Siku za mapumziko alikuwa anakwenda Kiswere. Mkewe alinijia analia: mumewe hali chakula cha nyumbani, anarudi na nyasi mgongoni, mashavu yameingia ndani. Hospitali walimpima kila kitu wakasema hana ugonjwa. Nikafunga safari kumfuata.

Nilimkuta mchana kweupe, amelala chali ndani ya lile shimo la Mwingereza, ambalo tulikuwa tumelifukia nusu kwa kuwa udongo haukutosha. Kofia yake ilikuwa juu ya kifua. Alikuwa anazungumza na kucheka, na kila baada ya neno alinyamaza, akisikiliza upande wa pili. Bi Somoe alikuwa amekaa nje ya ukuta, hataki kuingia.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Umechelewa wewe. Mreno kaachwa peke yake, anamtaka anayemtukana. Na aliyekuwa akimtukana kwa sauti ya Mwingereza ni nani? Si Likwata? Basi kamchukua. Katakapokwisha kamwili kale, atamchukua kabisa."

"Nifanye nini?"

"Mtani hukombolewa na mtani. Mimi si Mmatumbi."

Niliingia. Nilimtukana Mzee matusi ambayo siwezi kuyaandika, mengine niliyarithi kwa babu yangu. Hakugeuka. Nikafanya ambalo kila Mngindo hulazimika kulijibu: nikainama, nikaichukua kofia kifuani pake, nikaondoka nayo. Nilitembea kuelekea kijijini nikijua kwamba mtu aliyeporwa na mtani lazima amfuate. Nilipofika kwenye minazi nikatega sikio. Hakuna aliyekuwa ananifuata.

Nikarudi. Alikuwa anacheka, machozi yanamchuruzika hadi masikioni.

"Mmatumbi," akasema, na moyo wangu uliruka kwa furaha kwamba ameniita. "Mreno anauliza, Jalala hajambo?"

Nikakaa chini.

Nieleze. Nilipokuwa mchanga nilikuwa naumwa sana, na watoto walionitangulia walikuwa wamekufa. Bibi yangu akanipa jina la siri, Jalala, ili kifo kikipita kisinitamani. Aliniita hivyo ndani ya nyumba yake tu, mlango umefungwa. Alipofariki, jina lilikwenda naye. Mama yangu hakulijua, mke wangu hakulijua, na Mzee Likwata hakuwahi kufika Kipatimu.

Niliogopa, na sioni aibu kusema. Nilitaka kukimbia. Lakini nilimwangalia mzee wangu pale shimoni, shingo yake imekuwa nyembamba kama ya kuku, nikaona nikikimbia nitarudi kumzika. Nikageukia kaburi la Mreno. Sikujua lugha yao. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kama mtu anayesema na mkuu wa idara.

"Mwachie mzee. Yeye amechoka. Mtani utanipata mimi. Ila mimi ni mtumishi wa serikali, nina mke na watoto wanasoma, siwezi kuja sasa. Nikistaafu nitakuja."

Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika mkoa huu aliyewahi kumwomba marehemu likizo.

Kunguru walinyamaza. Nilisubiri. Ukimya ule ulikaa sana, nami nikahisi kwamba ninatazamwa kutoka mguuni hadi kichwani, kama anavyotazamwa mtu wa kuajiriwa. Kisha Mzee Likwata akakohoa. Akainuka, akakaa, akajipangusa nyasi. Aliangalia huku na huku kama aliyeamka kwenye nyumba ya watu.

"Mmatumbi mwizi," akasema. "Kofia yangu iko wapi?"

Nilimkumbatia nikalia, naye akanitukana kwa kulia. Tulipopita langoni niligusa ukuta upande wa Mreno. Ulikuwa mkavu. Nilipougonga kwa kucha ulilia vizuri, kama chungu kizima.

Njiani aliniuliza nilimwambia nini. Nikamjibu nilimtukana tu. Akanitazama usoni kwa muda, kisha akageuza macho barabarani, na tangu siku hiyo hadi alipostaafu hakuniuliza tena. Alirudi kwao Liwale, akanenepa, akaona wajukuu, akafa kitandani mwake. Nilikwenda. Niliingia kaburini mwake nikalala chali, nikasema nyumba hii kubwa mno kwa mwitu mfupi kama huyu, na watoto wake walicheka mpaka wakashikana. Nilihakikisha ameagwa ipasavyo.

Nilikaa miaka mingi nikijiambia wafu husahau. Kazi zilikuwa nyingi, kuta zilianguka, wageni walikuja, nikawafundisha nyinyi. Nilipostaafu nilikaa nyumbani siku kadhaa nikisikiliza redio mliyonipa. Ndipo mchana mmoja, tunakula, mimi na mke wangu Anastasia, nikacheka.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nimekumbuka jambo. Sikuwa nimekumbuka jambo lolote. Nilikuwa nimeambiwa.

Kesho yake nilikwenda Kiswere. Bi Somoe alishafariki, na nyasi zilikuwa zimefika juu ya ukuta. Nilifyeka, nikafagia, nikakaa upande wa Mwingereza asiyekuwepo, nikafanya niliyoahidi. Nimekuwa nikienda tangu hapo. Sikondi sana, msiogope. Mreno ni mcheshi, na baadhi ya maneno yake kuhusu nyinyi ni ya kweli. Niliuliza ofisini kama Mwingereza anaweza kurudishwa. Walinijibu kwa heshima kwamba yule ameshapumzishwa panapostahili, na jambo limefungwa. Sikuwalaumu. Wana barua zao na ahadi zao za miaka mia sita. Mimi nina yangu moja.

Lakini nimefikiri kama fundi. Nikifa nikazikwa kwetu, atabaki tena peke yake, na atamtafuta mwingine, na aliye karibu ni nani? Ni ninyi, siku mtakapotumwa kuziba ukuta ule. Pengo la mtu halizibwi kwa kutembelewa. Kwa hiyo nimeshazungumza na padre na mwenyekiti wa kijiji. Siku yangu ikifika, mtanizika Kiswere, ndani ya ukuta, kwenye lile shimo la Mwingereza. Nanyi, Wangindo kwa Wamatumbi na kila aliye na mtani, mje mtukane kwa sauti. Hata wakija mabalozi, msiwastahi.

Ilibaki kumwambia Anastasia. Kipatimu tuna mahali petu, juu ya misheni, kando ya wazazi wangu. Yeye mwenyewe alipapanda maua tulipotimiza miaka kumi ya ndoa, akasema tutalala pale ubavu kwa ubavu na tutaisikia kengele ya asubuhi. Nilimkuta anachambua choroko kwenye ungo. Nikamweleza yote, tangu Mzee Likwata hadi Jalala. Aliendelea kuchambua, akitoa vijiwe kimoja kimoja na kuvitupa uani, mpaka choroko zikawa safi na hakuna cha kutoa.

"Hao mafundi wako," akasema, "waambie wachimbe pana."